Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Yako maneno mawili yasemwayo mara kwa mara katika nchi yetu kila zitajwapo motokaa za Japani. La kwanza ni kuwa Wajapani hawakubuni kitu, bali waliiga tu kazi za Wazungu. La pili, ambalo aghalabu hulifuata la kwanza kama kivuli kimfuatavyo mtu, ni kuwa sisi hatukujaliwa kutengeneza vitu. Fungu letu ni kuvinunua, kuvitumia na kuvitupa. Wasemao hivi hudhani kuwa wamesema mambo mawili mbalimbali. Mimi nasema ni kosa moja lenye vichwa viwili. Nitakuonyesha kosa hilo, msomaji, kwa historia ya motokaa moja tu, ambayo sifa yake kubwa ilipatikana katika tope na vumbi la Afrika Mashariki.

Motokaa hiyo kwao huitwa Fairlady Z. Ng'ambo ilijulikana kwa jina la Datsun 240Z. Kiwanda cha Nissan kiliionyesha kwa mara ya kwanza Tokyo mwezi wa Oktoba 1969. Ilikuwa motokaa ya watu wawili, yenye boneti ndefu na paa lililoteremka taratibu hadi nyuma. Injini yake ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wa sentimita 2,393. Marekani iliuzwa kwa dola 3,526 mwaka 1970, bei ambayo mtu aliyetamani Jaguar E-Type hakuweza kuipata hata kwa ndoto. Watu wakaipenda, wakaipigania madukani, na kabla umbo lile la kwanza halijaachwa mwaka 1978, motokaa zaidi ya nusu milioni zilikuwa zimekwisha tengenezwa.

Sasa na tuliangalie lile neno la kuiga. Je, ni uongo? La, si uongo. Mwaka 1952 Nissan ilifanya mkataba na kampuni ya Austin ya Uingereza, na mwaka uliofuata ikaanza kuunganisha Austin A40 kwa vipande vilivyoletwa kwa meli. Mkataba uliwataka Wajapani wajifunze kutengeneza vipande hivyo kimoja kimoja, na kabla haujakwisha walikuwa wakitengeneza motokaa nzima kwa mikono yao. Hata kabureta mbili za ile 240Z zilikuwa za mtindo wa SU, ambao ni mtindo wa Kiingereza, zikatengenezwa Japani na Hitachi kwa idhini ya wenyewe. Kwa hiyo asemaye kuwa Wajapani waliiga amesema kweli. Kosa lake ni kudhani kuwa amewatukana.

Hebu fikiri, msomaji. Mtoto hujifunza kusema kwa njia gani ila kwa kuiga? Kasuku naye huiga. Tofauti yao ni kwamba kasuku hurudia neno lile lile mpaka siku ya kufa kwake, lakini mtoto, akisha kupata maneno mia, hutunga sentensi ambayo mama yake hajapata kuisikia. Swali la haki basi si kama mtu ameiga, bali amefanya nini baada ya kuiga. Aliyeunganisha Austin mwaka 1953 akaleta 240Z mwaka 1969 hakuwa kasuku. Ilimchukua miaka kumi na sita kutoka kuwa mwanafunzi hadi kuwa mshindani wa mwalimu wake.

Dharau hii haikuishia kwa watu wa mitaani. Kwa muda mrefu waandishi wengi wa ng'ambo walisema kuwa umbo la 240Z lilichorwa na Albrecht Goertz, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani. Ni kweli kwamba Goertz alipata kuwa mshauri wa Nissan mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kazi ya kuichora motokaa ile ilifanywa na wachoraji wa Nissan wenyewe chini ya Yoshihiko Matsuo, na kampuni yenyewe ilikwisha kulieleza jambo hilo kwa maandishi. Kwa nini basi hadithi ile ilipendwa mno? Ilipendwa kwa sababu ilikuwa rahisi kwa wengi kuamini kuwa kitu kizuri kilichotoka Asia kilikuwa na baba wa Ulaya. Ubaguzi wa namna hiyo haupigi kelele. Hukaa kitako ndani ya vitabu na kujifanya historia. Ujihadhari nao, kwa maana siku moja utaandikwa juu ya kazi yako pia.

Nije sasa katika jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kushindwa. Twaitazama motokaa iliyoshinda, na kwa kuwa twaiona siku ya ushindi tu, twadhani ilizaliwa imeshinda. Mwaka 1958 Nissan ilipeleka motokaa mbili ndogo Australia, katika mashindano ya kulizunguka bara lile zima chini ya uongozi wa Yutaka Katayama. Moja ikashinda katika daraja lake. Lakini mwaka ule ule, motokaa za namna hiyo zilipofikishwa Marekani, zilionekana dhaifu na nzito. Katika barabara kuu za kule zilitweta kama mzee apandaye kilima. Katayama alipelekwa huko mwaka 1960. Hakusema Wamarekani ni wabaya, wala hakusema Wajapani hawakujaliwa. Aliyaandika makosa ya motokaa zake na kuyapeleka nyumbani yakatengenezwe. Miaka kumi baadaye ndiye aliyeisimamia 240Z ilipoingia katika soko lile lile.

Tazama pia Safari Rally yetu, iliyoanza mwaka 1953. Nissan ilikuja kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka ule motokaa 84 zilianza safari, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Za Nissan hazikuwamo. Lau kama wakuu wa kampuni ile wangekuwa na moyo wa watu niwapingao, wangesema, “Barabara za Afrika si zetu,” wakafunga virago. Walirudi. Wakarudi tena, na tena. Waliikagua kila springi iliyovunjika na kila mahali palipoingia vumbi, wakayarekebisha. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, wakaipatia Datsun 1600 SSS ushindi. Mwaka 1971 wawili hao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na motokaa ya pili ilikuwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty.

Watu wengine husema kuwa mashindano ni upuuzi, mchezo wa matajiri wa kuchoma mafuta. Wangekuwa na haki kama mashindano yangekuwa kukimbia tu. Lakini Safari ya siku zile ilikuwa mtihani. Ilifanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikinyesha. Ilipita maelfu ya kilomita, mchana na usiku, katika udongo mweusi unaonata magurudumuni, katika mito iliyofurika na katika vumbi lililomficha dereva boneti yake mwenyewe. Motokaa iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara laini ilifichuliwa siri zake zote kabla ya mapambazuko ya pili. Hakuna mtahini aliye mkali kama barabara mbovu, wala hakuna asiyepokea rushwa kama yeye.

Mwaka 1973 mtihani huo ulitoa matokeo ya ajabu. Shekhar Mehta, akiwa na Lofty Drews katika 240Z, alimaliza akiwa na pointi 406 za adhabu. Harry Källström wa Sweden, katika Datsun 1800 SSS, naye alikuwa na pointi 406 vile vile. Kanuni ya kutatua sare ikampa Mehta ushindi. Mehta alizaliwa Kampala, na alikuja kukaa Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972. Mtu aliyenyang'anywa makao yake mwaka mmoja alisimama mwaka uliofuata juu ya washindani wa dunia. Baadaye aliishinda Safari mara nne mfululizo, tangu 1979 hata 1982.

Katika viwanja vya mbio vya Marekani mambo yalikuwa yale yale. Mafundi wa Peter Brock walipoiandaa 240Z mwaka 1970, waligundua kuwa krankishafti ya injini za kwanza ilitetemeka vibaya ilipozungushwa kwa kasi kubwa. Kiwanda hakikukasirika kwa kuambiwa kosa lake, kilibadilisha krankishafti. John Morton akatwaa ubingwa wa taifa katika daraja lake mwaka ule na mwaka 1971. Aliyenunua 240Z kwa kuipeleka kazini au sokoni alipata injini bora kwa sababu mtu mwingine aliitesa kiwanjani.

Wala usidhani kuwa tangu hapo njia ilikuwa nyeupe. Sheria za Marekani juu ya moshi na usalama ziliifanya motokaa hii kuwa nzito zaidi mwaka baada ya mwaka. Ile 280ZX ya mwaka 1978 ilipenda starehe kuliko wepesi, na wengi walinung'unika. Ikafuata 300ZX, ambayo toleo lake la mwaka 1989 lilikuwa na turbo mbili na nguvu za farasi 300. Motokaa ya mbio ya jina hilo ikashinda mbio za saa 24 za Daytona mwaka 1994. Hata hivyo bei ilipanda, wanunuzi wakapungua, na Marekani ikaacha kuuzwa mwaka 1996. Wengine walidhani imekufa. Mwaka 2002 ikarudi kwa jina la 350Z, na ile Z mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2022 ina nguvu za farasi 400, na kwa makusudi kabisa imepewa sura inayomkumbusha mtu ile ya 1969. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapa koleo lilivunjika mara nyingi, na kila mara mhunzi alifua jingine.

Sasa nigeuze uso kwetu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze motokaa ya Kenya. Mwaka 1990 motokaa chache za majaribio, zilizoitwa Nyayo Pioneer, zilionyeshwa hadharani. Hazikufikia kuuzwa. Fedha hazikupatikana, kazi ikasimama, na jina la motokaa ile likawa kichekesho. Wenzetu wakilitaja hucheka mpaka leo. Mimi sioni cha kuchekwa katika motokaa zile. Nissan nayo ilikuwa na mwaka wake wa 1963. La kuhuzunisha ni kwamba hatukuwa na 1970, kwa sababu hatukuwa na 1964, wala 1965, wala 1966. Tulifanya jaribio moja tukaliita hukumu.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kuwa Japani ilikuwa na fedha, na serikali yake iliwalinda watengenezaji wake kwa kuzuia motokaa za kigeni. Ni kweli, nami sitaificha kweli hiyo. Viwanda havioti kama uyoga. Vyataka mtaji, ulinzi na subira ya wakubwa. Lakini jibu hili latufundisha lipasalo kudaiwa kwa wenye madaraka. Halithibitishi kuwa hatukujaliwa. Japani ya mwaka 1952 ilikuwa nchi iliyotoka vitani miaka saba tu kabla, miji yake mingi ikiwa imeteketezwa. Wala sisi hatukosi mikono. Nenda Grogan au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, umwone fundi wa jua kali akiifungua injini ambayo hajapata kuonyeshwa kitabu chake, kisha akaifunga nayo ikanguruma. Fundi huyo ameiga kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwuliza: baada ya kuiga, utatunga nini?

Ile 240Z iliyoshinda Safari ya mwaka 1971 imehifadhiwa katika ghala la kumbukumbu la Nissan huko Zama, Japani. Bado ina mabonyeo iliyoyapata katika barabara zetu. Wenyewe hawakuona haya kuyaacha, kwa maana ndiyo cheti cha masomo yao. Sisi tulisimama kando ya njia ile ile, tukapiga makofi, na motokaa zilipopita tukarudi nyumbani na vumbi. Somo lilifundishwa hapa kwetu, katika udongo wetu, lakini aliyeandika daftarini alikuwa mgeni.

Basi, msomaji, utakapomsikia mtu akimcheka mwenzako aliyejaribu kutengeneza kitu kikakataa, usicheke naye. Mwulize yule aliyejaribu ni kipi kilichovunjika, na kwa nini kilivunjika, kisha umsaidie kutengeneza cha pili. Na ukiambiwa kuwa kazi yako ni ya kuiga tu, itikia kuwa ndivyo, kisha uendelee mpaka uwe na jambo lako la kuongeza. Aibu haimo katika kuanguka wala katika kujifunza kwa mwingine. Aibu ni ya aangukaye mara moja akaketi papo hapo, akawa mwalimu wa kuwafundisha wengine kuketi.