Kipande ni Kile Kile

Kila Mashujaa Dei tunaposti picha ya Dedan Kimathi na kuandika "hatutasahau". Sawa. Lakini wasee, huwa tunakumbuka nini haswa?

24 Aprili 1954 Waingereza walifunga Nairobi yote. Operesheni Anvil. Askari wakabeba Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawachuja. Kitu cha kwanza kuangaliwa ilikuwa kabila lako, makosa baadaye. Zaidi ya watu 20,000 wakaishia kizuizini. Sababu? Usalama.

Sasa ruka miaka 60. Aprili 2014, kidonda cha Westgate bado kibichi. Serikali inaanzisha Usalama Watch. Makarao wanaingia Isili, maelfu wanabebwa, wengi wao Wasomali, na wengi wanapelekwa kuchujwa uwanja wa Kasarani. Ndani yao kuna Wakenya wenye vitambulisho. Sababu? Usalama.

Na miezi 10 tu kabla ya hapo, Juni 2013, Uingereza ilikuwa imekubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Imajensi. Tulishangilia, tukasema haki imepatikana. Halafu tukafungua geti la Kasarani.

Mimi naona shida iko hapa: tulikariri nani alitutesa, tukasahau alitufanyia nini. Kwetu mkoloni ni sura ya mzungu. Kwa hivyo uovu ule ule ukirudi umevaa yunifomu yetu na unaongea Kiswahili, tunaupisha.

Najua kuna mtu atasema magaidi walikuwa wa ukweli. Walikuwa. Watu 67 waliuawa Westgate na kuogopa ilikuwa haki yetu. Gaidi ashikwe, apelekwe kortini. Lakini kuzoa mtaa mzima juu ya sura na majina ni hesabu ya 1954.

Mateso hayamfanyi mtu kuwa mwema. Yanamwachia deni. Mjukuu wa aliyechujwa ndiye anafaa kupiga kelele wa kwanza jirani yake akichujwa, maana hiyo stori aliisikia nyumbani. Kama ananyamaza, basi Mashujaa Dei ni likizo tu.

Mtaani bado tunaita kitambulisho "kipande", jina lile lile babu zetu walivalishwa shingoni. Sasa siku karao atamwambia jirani yako Msomali "toa kipande" na wewe akupite tu, utaendelea na safari?