Jiko la Umeme na Sufuria ya Kigwa

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema nasi tunaliunga mkono. Tunalouliza ni jiko gani, na la nani.

Tuchukue Kigwa, Wilaya ya Uyui, Tabora. Visiwani jina hilo si geni: misafara ya pwani ilipita hapo ikielekea Unyanyembe. Huko jiko ni mafiga na mkaa wa miti ya miombo, misitu ile ile inayokatwa kuni za kukaushia tumbaku.

Sasa yanasifiwa majiko ya induksheni, ambayo joto lake huzaliwa kwa sumaku ndani ya chombo chenyewe. Ni majiko mazuri, yasiyopoteza moto. Lakini yanataka sufuria inayoshika sumaku, na sufuria zetu nyingi, bara na visiwani, ni za alumini. Chungu ndiyo kabisa. Anayenunua jiko hilo hununua na vyombo. Tena ugali husongwa kwa nguvu, na kioo kinateleza! Sufuria ya presha ya umeme yafaa zaidi. Ina chombo chake, na maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Kwa ugali ibaki gesi, ingawa mtungi hudai fedha za mkupuo ilhali mkaa huuzwa kwa kopo.

Lililo zito ni bei. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO alipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Jiko la wati 2,000 likiwaka saa moja kwa siku hula uniti 60 kwa mwezi. Zinabaki 15 za taa, redio na simu. Akija mgeni, mpaka umevukwa. Mpango wa namna hiyo humwadhibu yule yule aliyeuacha mkaa kama alivyoombwa.

Wala tusimwambie mtu atupe jiko lake la zamani. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya wa baharini tangu 1980, na wanaokumbuka miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009 wanajua walipikia nini.

Tunaiomba Wizara ya Nishati na EWURA uniti za kupikia zihesabiwe mbali na za taa, kabla majiko hayajagawiwa vijijini.