Tumaini la Moltmann halikuzaliwa maktabani

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu siku za mwisho ni nzuri, ila mwanateolojia Mjerumani Jürgen Moltmann umempitia juu juu mno. Kitabu chake cha 1964 kuhusu teolojia ya tumaini hakieleweki ukiiruka Hamburg ya Julai 1943. Alikuwa na miaka 17, amepangwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege, bomu likamuua rafiki yake aliyesimama kando yake. Yeye akabaki. Nyumbani kwao dini haikuwa na nafasi. Biblia alipewa akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza, na kilichomshika si wanyama wa Ufunuo wenye mapembe, bali zaburi ya maombolezo na kilio cha Yesu msalabani.

Kwa hiyo kwake siku za mwisho si ratiba ya maangamizi. Ni ahadi, na anayeiamini hawezi kuridhika na dunia ilivyo. Wahubiri wetu wa kupiga hesabu za tarehe (zikipita, wanapanga nyingine) wangemsoma.

Ukiandika sehemu ya pili, tafadhali usimsahau Ernst Bloch, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, ambaye ndiye aliyemchokoza Moltmann kwa falsafa yake ya tumaini.