Kinda wa Agosti apimwe kwa miguu yake

NYUMA YA MPIRA
Na Hamisi Lukindo

Agosti 21, 2021, Zach Wilson, kwotabeki kinda wa New York Jets, alirusha pasi 11 katika uwanja wa Lambeau, nyumbani kwa Green Bay Packers, na tisa kati ya hizo zikawafikia wenzake. Yadi 128, tachidauni mbili, hakuna pasi hata moja iliyonaswa. Ilikuwa mechi yake ya pili tu ya kujipima nguvu tangu achaguliwe wa pili katika drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya mwaka ule, na New York nzima ikamshangilia kama mkombozi. Jets hawajatwaa ubingwa tangu ule wa msimu wa 1968, kwa hiyo kiu ya mashabiki wao inaeleweka.

Wiki nne baadaye, Septemba 19, kocha Bill Belichick akawaleta New England Patriots kwenye uwanja wa Jets. Pasi ya kwanza ya Wilson ikanaswa. Ya pili nayo ikanaswa. Hadi mchezo unakwisha zilikuwa zimenaswa nne, Jets wamelala 25-6, na watu walewale waliomwimba mwezi uliopita wanamzomea. Alimaliza msimu akiwa na pasi za tachidauni tisa na zilizonaswa 11. Mwaka 2024 alipelekwa Denver.

Kijana alikuwa yuleyule, mkono uleule. Waliobadilika ni watu waliosimama mbele yake. Siku ile ya Lambeau, Packers waliwapumzisha karibu wachezaji wao wote wa kikosi cha kwanza. Wilson aliwachambua vizuri watu ambao wengi wao hawakutarajiwa kucheza dakika nyingi msimu ulipoanza, nasi tukaandika habari kana kwamba amewachambua Packers.

Ligi ya NFL, ya futiboli ya Kimarekani, huingia Agosti kila timu ikiwa na wachezaji 90. Mwisho wa mwezi wanabaki 53. Maana yake, katika robo ya tatu na ya nne ya mechi hizi, sehemu kubwa ya walio uwanjani wanapigania ajira ambayo hawataipata. Naziheshimu sana dakika zile. Ni kwa njia hiyo Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga bila kuwahi kucheza mchezo huu, alijifunza kazi na Indianapolis Colts mwaka 2013 hadi akaingia uwanjani kwenye mechi ya ligi Desemba ya mwaka huo. Lakini dakika za kumfunza mgeni hazifai kumpimia kwotabeki anayetarajiwa kuongoza timu miaka kumi.

Kwa msomaji anayefuatilia mchezo huu kwa mbali: kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza, na ana kama sekunde mbili na nusu za kuamua aurushe wapi kabla hajavamiwa. Uamuzi huo huanza kabla mpira haujatoka. Anawatazama mabeki wawili wa nyuma kabisa. Wakiwa wote wawili mbali, pasi ndefu ya pembeni ni hatari na njia za katikati zina nafasi. Akiwa mmoja tu, hesabu inageuka. Agosti mabeki hao hubaki palepale waliposimama. Kinda akiwaona wawili, wawili ndio atakaowakuta. Ukifika Septemba, beki mmoja anaanza kushuka mpira unapotoka tu, anajibanza kwenye njia ya pasi ya katikati, na mwenzake anarudi kuziba nafasi yake. Kinda amesoma ulinzi wa aina moja, anarusha kwenye ulinzi wa aina nyingine. Belichick aliwatesa makinda kwa mbinu za namna hii kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna kocha mwenye akili anayezitoa hadharani kwenye mechi isiyo na pointi. Uvamizi wa ghafla nao unafichwa. Mashambulizi pia yanafichwa, kwa hiyo hata kinda mwenyewe anapewa kurasa chache tu za kitabu cha mbinu.

Ndiyo maana pasi tisa kati ya 11 hazinishtui. Hazinishtui pia zikiwa mbili kati ya nne. Hizo zilikuwa za C.J. Stroud wa Houston Texans, Agosti 10, 2023, ugenini kwa Patriots: yadi 13 na pasi moja iliyonaswa. Usiku ule palikuwa na watu waliokwisha kutangaza kuwa Texans wamelipoteza bure chaguo la pili la drafti. Novemba 5 ya mwaka huohuo Stroud aliwapiga Tampa Bay Buccaneers kwa yadi 470 na tachidauni tano, rekodi ya yadi kwa kinda katika mechi moja. Akamaliza msimu na yadi 4,108, pasi 23 za tachidauni, tano tu zilizonaswa, na tuzo ya kinda bora wa safu ya ushambuliaji.

Peyton Manning, nembo ya Colts, pasi yake ya kwanza kabisa ya kujipima nguvu mwaka 1998 ilimfikia Marvin Harrison, na Harrison akakimbia nayo hadi tachidauni. Msimu ulipoanza Manning alinaswa pasi 28, rekodi ya makinda ambayo hadi leo haijavunjwa, na Colts wakashinda mechi tatu wakipoteza 13. Mwaka uliofuata matokeo yakageuka: wakashinda 13 na kupoteza tatu. Ukimhukumu kwa Agosti unakosea, ukimhukumu kwa msimu wake mzima wa kwanza unakosea zaidi.

Je, Agosti basi haina la kutufunza? Hapo naachana na wanaosema mechi hizi ni za bure, tulale tu. Nakataa, na ushahidi wangu ni Dak Prescott.

Prescott alichaguliwa wa 135 mwaka 2016, raundi ya nne, akitoka Mississippi State. Dallas Cowboys walimtaka akae nyuma ya Tony Romo na Kellen Moore ajifunze. Moore akavunjika mguu mazoezini. Agosti 25, mjini Seattle, Romo akaumia mgongo mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Prescott akaingia. Na hapa ndipo penye maana: waliokuwa mbele yake walikuwa mabeki wa kikosi cha kwanza cha Seattle Seahawks, timu iliyoruhusu pointi chache kuliko zote katika ligi kwa misimu minne mfululizo, 2012 hadi 2015. Hakufanya maajabu ya yadi usiku ule. Alichofanya ni kuutoa mpira mapema, kuondoa macho kwa mlengwa wa kwanza aliyebanwa na kumpa wa pili, na kutotishika alipopigwa. Katika mechi zote za kujipima nguvu hakunaswa pasi hata moja. Msimu ulipoanza Cowboys walishinda mechi 13 kati ya 16, naye akawa kinda bora wa ushambuliaji. Ishara zilikuwepo Agosti, ila hazikuwa kwenye safu ya yadi.

Pete Carroll, aliyekuwa kocha wa Seattle, aliziona ishara za aina hiyo mwaka 2012. Seattle walikuwa wamemsajili Matt Flynn kwa fedha nzuri ili aanze. Russell Wilson alikuwa chaguo la 75, mfupi kuliko wanavyotaka wengi, na bado Carroll akampa nafasi dhidi ya Kansas City Chiefs katika mechi ya tatu, kisha akamtangaza kuwa ndiye atakayeanza. Msimu uliofuata Seattle walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Denver Broncos 43-8.

Kwa hiyo mimi kinda namtazama miguu kwanza. Anapovamiwa, anasogea hatua moja mbele na kubaki ameelekeza macho mbali, au anageuza mgongo na kukimbilia nyuma? Mwenye tabia ya kwanza amekomaa. Mwenye tabia ya pili anaweza kuponea Agosti kwa sababu wanaomfukuza ni wazito au wachovu, lakini Septemba atakamatwa. Shedeur Sanders wa Cleveland Browns alituonyesha pande zote mbili mwaka 2025. Mechi ya kwanza, huko Carolina, alikamilisha pasi 14 kati ya 23, yadi 138, tachidauni mbili, na kwa siku kadhaa palikuwa na kelele kwamba chaguo la 144 ameibiwa haki yake. Mechi ya mwisho, dhidi ya Los Angeles Rams, alikamilisha tatu kati ya sita na kuangushwa mara tano akiwa bado ameshika mpira, akipoteza yadi 41. Wengi walilaumu safu ya wanaomlinda, na kweli haikuwa nzuri. Lakini baadhi ya hizo yadi 41 zilitokana na yeye mwenyewe kuendelea kurudi nyuma badala ya kuutupa mpira nje. Tabia ya kung'ang'ania mpira haibebwi na ubora wa mpinzani. Kinda huwa anahama nayo kutoka chuo hadi Agosti, na kutoka Agosti hadi Septemba, na kuiondoa ni kazi ya miaka.

Baada ya miguu, natazama shambulizi linalofuata kosa. Amenaswa, amerudi benchi, dakika tano baadaye mpira uko tena mikononi mwake. Je, anarusha kwa woga kwa mtu aliye yadi mbili mbele, au anaifungua tena njia ileile ya katikati ikiwa wazi? Sam Darnold, pasi yake ya kwanza kabisa ya ligi, Septemba 2018, ilinaswa na Detroit Lions wakaenda kufunga nayo. Akatulia, na Jets wakashinda 48-17. Baadaye miaka ya Jets ilimwendea vibaya, akahamahama, watu wakamzika akiwa hai. Mwaka 2024 aliiongoza Minnesota Vikings kushinda mechi 14 kati ya 17. Nafasi ya kuanza ilibaki yake baada ya kinda J.J. McCarthy, aliyeng'ara kwenye mechi yake moja ya Agosti, kuumia goti na kuukosa msimu wote.

Inaniuma kuona vijana wa miaka 21 au 22 wakipewa hukumu ya maisha kwa pasi nne. Hukumu hizo hazibaki hewani. Wenye timu wanazisikia, makocha wanaogopa kufukuzwa, na kinda anaingizwa kabla hajaiva au anawekwa benchi kabla hajajikwaa vya kutosha kujifunza. Bryce Young, chaguo la kwanza la 2023, aliwekwa benchi na Carolina Panthers baada ya mechi mbili tu za msimu wake wa pili, kisha akarudishwa mwaka huohuo na akacheza vizuri kuliko mwanzo.

Najua kwa wengi wetu huku Afrika Mashariki mechi hizi huanza saa nane usiku, na asubuhi kinachotufikia ni takwimu tu. Ndiyo maana ombi langu ni kwa wachambuzi wa redioni na mitandaoni. Agosti ijayo mkitutajia kwamba kinda fulani amekamilisha tisa kati ya 11, tuambieni katika sentensi hiyohiyo nani walikuwa wakimkaba, alicheza robo ya ngapi, na mara ngapi aliangushwa akiwa na mpira mkononi.