Akili Nayo Huchoka



Breki ya gari ikilegea, huandikwa kitabuni, na gari halitoki mpaka fundi alitengeneze. Mguu wa mtu ukiteguka, huenda hospitali wala hakuna amchekaye. Lakini akili ikichoka twanyamaza, tukiogopa kuitwa wavivu au wenye wazimu. Kunyamaza huku kwatudhuru.

Kazi ya reli ina taabu zake. Zamu ya usiku huvuruga usingizi. Gengi la njia hukaa kambini mbali na mke na watoto. Na dereva ana mzigo wake peke yake: treni nzito ya mizigo huweza kwenda kilomita nzima au zaidi baada ya breki kufungwa. Mtu akiwa njiani, dereva hupiga honi, hufunga breki, na hana jingine la kufanya. Kisha huandika ripoti, na kesho anatakiwa kazini kama kawaida. Lakini macho yamekwisha ona, na usiku jambo lile humrudia. Si kosa lake, si uchawi, wala si upungufu wa uanaume. Ni jeraha kama majeraha mengine.

Dalili zake ni hizi: usingizi kupotea wiki baada ya wiki, hasira nyumbani kwa neno dogo, kusahau mambo ya kazi, na kunywa ili kulala. Pombe humlaza mtu upesi, lakini humwamsha usiku wa manane, na asubuhi amechoka zaidi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tupumzike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye mshahara ya siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12. Hii ni haki, si zawadi. Twajua wengi hukimbilia ovataimu kwa ajili ya karo na madeni. Deni lipelekwe mapema katika chama cha akiba na mikopo, kabla ya kuangukia mikononi mwa mkopeshaji wa riba kali.

Pili, tuzungumze. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzako akiwa kimya kuliko desturi yake, mwulize, kisha msikilize, usimhubirie. Akisema hataki kuishi tena, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku ile ile. Wala msiogope polisi, kwa maana Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hakipatani na Katiba.

Tatu, chama kisimame. Haifai kumwambia mfanya kazi avumilie tu, hali chanzo cha taabu yake ni kazi yenyewe. Twataka makubaliano yetu na mwajiri yaseme wazi: aliyeshuhudia kifo njiani aondolewe zamuni siku hiyo hiyo, apewe mapumziko bila kukatwa mshahara, na apate mganga wa kuzungumza naye.

Wawakilishi, lileteni shauri hili katika mkutano ujao wa kila tawi, lipigiwe kura na kuandikwa.

Umoja ni nguvu.