Kugusa Mpira Kwanza Si Kinga

Tanga ni mji wa kandanda. Uwanja wa Mkwakwani umeshuhudia mapambano mengi ya Coastal Union na African Sports, na mwaka 1988 Coastal Union ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Si ajabu, basi, kwamba wanafunzi wa pwani hii, tangu Pangani hadi Mkinga, huiga mitindo ya wakubwa, hata ile ya hatari. Mmojawapo ni kujitupa chini kwa kasi na kumkata mwenzio miguu. Mkosaji akiulizwa, hujibu, "Nimegusa mpira kwanza." Jibu hilo halikubaliki kwa fizikia wala kwa sheria.

Tuanze na fizikia. Mchezaji wa kilo 60 akikimbia mita 4 kwa sekunde ana nishati ya mwendo ya jouli 480. Kasi ikifika mita 8, nishati huongezeka si mara mbili bali mara nne, yaani jouli 1,920. Akisha kujitupa chini, kinachomzuia ni msuguano tu. Akianza kuteleza kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde, na kizio cha msuguano kikiwa 0.4, atakwenda mita 4.5 ndipo asimame. Mvua za masika zikilowesha nyasi na kizio kikashuka hadi 0.2, atakwenda mita 9. Mpira una uzito wa gramu 410 hadi 450 tu, hauwezi kumsimamisha. Nishati iliyobaki huupata mguu wa mwenziwe.

Mguu huo nao mara nyingi umekanyaga chini, meno ya njumu yamezama ardhini. Hauwezi kuzunguka wala kurudi nyuma, kwa hiyo pigo huzibeba kano za goti na kifundo. Kwa kijana anayekua hatari ni kubwa zaidi, kwani karibu na ncha za mifupa yake mirefu mna gegedu la ukuaji ambalo halijawa mfupa. Likiumia vibaya, mguu waweza kukua mfupi au kupinda.

Sheria imekwisha liona jambo hili. Mwaka 1990 vikinga ugoko vilifanywa vya lazima. Mwaka 1998 iliamriwa kwamba anayemkaba mwenziwe kutoka nyuma na kuhatarisha usalama wake atolewe nje. Leo sheria haichagui upande: awe ametoka mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au yote miwili, akitumia nguvu kupita kiasi hupewa kadi nyekundu, hata kama amegusa mpira.

Wako wasemao kwamba kuondoa mtindo huu ni kuua ushujaa wa mabeki. Hatukubaliani nao. Beki hodari husoma mwendo wa mshambuliaji, humziba njia, na kuupokonya mpira akiwa amesimama. Huo ndio ufundi wenyewe.

Twapendekeza kwamba katika michezo ya shule, kuteleza kwa kukaba kupigwe marufuku kwa vidato vya chini na katika viwanja vigumu au vilivyolowa. Walimu wa fizikia na wa michezo na washirikiane: wanafunzi wapime kiwanjani kasi na umbali wa kuteleza, wakokotoe wenyewe. Kijana aliyeikokotoa nishati ya mwili wake atafikiri mara mbili kabla ya kuutupa juu ya mguu wa mwenziwe.