Surua: akina mama wa Njoro hawajakataa chanjo

Jumamosi iliyopita, tukiwa Njoro kwa utume wa jumuiya, mama mmoja muuza ndizi alitutolea kadi ya kliniki ya mtoto wake wa miaka miwili na ushee. Chanjo ya surua-rubela ya miezi 9 alipata. Nafasi ya miezi 18 ni tupu. Mama alikuwa amekwenda zahanati mara mbili akaambiwa, "Mama, rudi Alhamisi, watoto leo ni wachache."

Tunamwelewa nesi. Kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa hakitumiki baada ya saa 6; anaogopa kumwaga dawa ya Serikali. Lakini siku ya kliniki mama hauzi. Shirika la Afya Duniani limeshashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, nasi tunaona ni sawa.

Hata seminarini tunasikia kwamba wazazi wa siku hizi wanapotoshwa na simu. Wapo. Ila wengi tuliokutana nao walipeleka watoto kwa dozi ya kwanza. Kufika miezi 18 mama amesharudi sokoni, au mtoto yuko kwa bibi yake Kibosho na kadi imebaki mjini. (Sisi wenyewe, wangapi tunajua kadi zetu ziliko?)

Dozi ya miezi 9 huwaacha takriban watoto 15 kati ya 100 bila kinga, na ili surua isipate njia wanatakiwa 95 kati ya 100 wawe na dozi zote mbili. Kampeni ya Februari 2024 ilisaidia, lakini mtoto huyu alikuwa hajazaliwa. Mwaka 2022 surua iliua watoto Mpimbwe, Katavi. Huko ni mbali, ndiyo, lakini Desemba mabasi hujaa watu wanaopanda Rombo na Machame, na watoto wa kila mkoa hulala kitanda kimoja.

Tunapendekeza kadi iulizwe kwenye semina ya wazazi kabla ya ubatizo. Baadhi yetu walitaka iwe sharti. Tulibishana hadi ugali ukapoa. Hapana, sakramenti isizuiwe kwa sababu ya sindano. Iulizwe tu, na jumuiya ikusanye watoto wenye pengo waende zahanati siku moja, nesi afungue kichupa bila hofu.

Njoro tumeshapata majina 7. Tunatafuta 3.